Utumbo unaong'aa: kutoka kwinini hadi kolonoskopi

Najua nimeadimika. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na ile mada ya hifadhidata, lakini leo naomba tuiweke kando, kwani kuna jambo limenikaa kichwani tangu mwaka jana. Natoa tahadhari mapema: humu mna habari za utumbo, na za choo pia. Kama unakula, maliza kwanza ndipo uendelee.

Tuanze sokoni. Ukiingia soko la Kongowea alfajiri, malori ya viazi na vitunguu yakiwa yanashusha, tazama meza za wenye maduka ya jumla na mawakala wa M-Pesa. Wengi wana kijitaa cha mwanga wa zambarau kando ya droo ya pesa. Ukitoa noti ya elfu moja hupitishwa chini ya taa hiyo kwanza. Noti halali huwa na karatasi inayobaki nyeusi nyeusi, halafu nyuzi na alama ambazo mchana huzioni zinawaka. Noti bandia iliyochapwa kwenye karatasi ya dukani hung'aa yote buluu, kama shati jeupe kwenye disko. Sekunde mbili tu, mwenye duka ameshajua.

Kinachotokea pale huitwa floresensi. Taa inatoa mwanga wa urujuanimno, ambao jicho letu haliuoni vizuri. Molekuli fulani kwenye noti zinaumeza mwanga huo, zinapoteza nguvu kidogo njiani, kisha zinautoa tena ukiwa na rangi nyingine, rangi ambayo jicho linaiona. Ni kama mtu umpe shilingi mia akurudishie tisini: ile kumi iliyopungua ndiyo inayobadilisha rangi.

Sasa twende kwa ami yangu.

Ami, mdogo wake baba, anauza vitunguu pale pale Kongowea tangu mimi sijaanza shule. Mwaka juzi alianza kuona damu chooni. Akaenda zahanati moja (siitaji, si haja yangu leo), akaambiwa ni bawasiri. Akapewa dawa ya kupaka na shauri la kunywa maji mengi. Damu ikaendelea. Akarudi, akaambiwa ni amiba, akameza vidonge. Ikawa hivyo hivyo kwa miezi 14. Siku moja nilimsindikiza, nikauliza kama haiwezi kuwa saratani. Mhudumu akacheka kwa upole. "Saratani ya utumbo ni ya Wazungu, kijana. Sisi tunakula sukumawiki na maharagwe."

Shikilia hapo hiyo kauli, nitairudia. Ina historia yake, na historia hiyo ilianzia karibu na kwetu kuliko unavyodhani.

Hatimaye tulichangishana ukoo mzima, ami akapelekwa kufanyiwa kolonoskopi. Kwa asiyejua, hiyo ni kamera iliyo kwenye mpira mrefu, inaingizwa kwa nyuma mpaka mwanzo wa utumbo mpana, kisha inarudishwa polepole huku daktari akikagua kuta. Siku moja kabla, mgonjwa hunywa lita kadhaa za dawa yenye chumvi ili utumbo usafike. Ami anaishi nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na choo kimoja. Nadhani sina haja ya kueleza zaidi. Majirani walikuwa waungwana.

Baadaye daktari alituonyesha picha. Kulikuwa na vivimbe viwili, vile wanavyoviita polipu. Kimoja kilikuwa na kikonyo kama uyoga, hata mimi ambaye kazi yangu ni kodi nilikiona. Hicho ndicho pengine kilichokuwa kikitoa damu. Cha pili kilikuwa bapa, kimelala ukutani kama doa la mafuta juu ya kitambaa cha meza. Daktari alisema kwa uwazi kabisa kwamba kilikaribia kumpita. Aliona tu kuwa pale mishipa ya damu haionekani sawa, akanyunyizia rangi ya buluu itokanayo na nili, na mipaka ikajitokeza. Majibu ya maabara yaliporudi, uyoga haukuwa na neno. Kile bapa ndicho kilichokuwa kimeanza kugeuka saratani.

Ami alipasuliwa, akakatwa kipande cha utumbo, na leo yuko sokoni anagombana na wenye mikokoteni kama kawaida. Lakini mimi nilibaki na lile doa. Nilimwuliza daktari swali la kijinga: kwa nini msiweke kitu kinachong'aa, kama kwenye noti? Akatabasamu, akasema, "Wako watu wanakitafuta kitu hicho miaka mingi."

Nikaenda kutafuta ni miaka mingapi. Nilichokipata ndicho hiki.

Mwaka 1845 mwanasayansi Mwingereza John Herschel aliandika juu ya kioevu cha ajabu. Ukikitazama kwa kupitisha mwanga, ni safi kama maji. Ukikitazama kwa juu, kikiwa kwenye jua, kina utando wa buluu ya mbinguni. Kioevu hicho kilikuwa mmumunyo wa kwinini. Ndiyo, kwinini ile ile chungu ambayo bibi zetu walimeza kwa homa ya malaria. Unaweza kujaribu mwenyewe: nunua chupa ya maji ya toniki (yana kwinini kidogo, ndiyo maana ni machungu), omba taa ya wakala wa M-Pesa, zima balbu ya chumba. Nilifanya hivyo Jumapili iliyopita nyuma ya banda la ami. Chupa iliwaka buluu mpaka mtoto wa jirani akaniuliza kama ni uchawi.

Mwaka 1852 George Gabriel Stokes alieleza jambo lenyewe. Alionyesha kwamba mwanga unaotoka una nguvu ndogo kuliko ulioingia, na akalipa jina kutokana na jiwe liitwalo fluorspar ambalo nalo hung'aa. Wana programu, hapa ndipo penye utamu. Kwa sababu rangi inayotoka si ile iliyoingia, unaweza kuweka kichujio mbele ya jicho au kamera kinachozuia mwanga wote wa taa na kuruhusu ule wa jibu peke yake. Hiyo ni grep kabisa! Una faili la mistari milioni moja, unatupa yote, unabaki na mistari mitatu unayoitaka. Floresensi nzima, tangu noti mpaka hospitali, inasimama juu ya tofauti hiyo ndogo ya rangi.

Mwaka 1871 Mjerumani Adolf von Baeyer alitengeneza rangi iitwayo fluoreseini, inayong'aa kijani kikali hata ikiwa kidogo sana. Matumizi yake ya mapema ninayoyapenda hayakuwa ya hospitali hata kidogo. Mto Danube, ndani ya Ujerumani, una mahali maji yake huzama ardhini. Watu walibishana maji yale huenda wapi. Mwaka 1877 wakamwaga kilo 10 za fluoreseini pale yanapozama, na baada ya saa 60 hivi chemchemi ya Aach, kilomita 12 mbali, ikatoka kijani. Mabishano yakaisha. Kila aliyewahi kutafuta hitilafu kwenye programu anaijua mbinu hii: unaweka amri ya kuchapisha ujumbe katikati ya kodi, halafu unangoja uone utatokea wapi.

Hatua ya kutoka mtoni hadi mwilini ilichukua muda. Mwaka 1947 daktari wa upasuaji George Moore, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliandika katika jarida la Science kwamba amewadunga wagonjwa fluoreseini kwenye mshipa, kisha akawamulika kwa taa ya urujuanimno, na uvimbe wa saratani uking'aa kuliko nyama iliyo jirani. Sababu yake ni rahisi: mishipa ya damu ndani ya uvimbe imejengwa ovyo, inavuja, na rangi inabaki pale. Lakini mishipa huvuja pia penye kidonda na penye uvimbe wa kawaida wa maambukizi. Kwa hiyo rangi ya Moore haikusema "hii ni saratani". Ilisema "hapa panavuja". Kati ya kauli hizo mbili kuna umbali ambao bado tunautembea.

Kwa utumbo kulikuwa na kikwazo kingine kikubwa zaidi: utumbo uko gizani. Taa ya Moore ilihitaji tumbo liwe limefunguliwa. Mwaka 1954 Harold Hopkins na Narinder Singh Kapany, Mhindi aliyekuwa akisoma London, walionyesha kwamba fungu la nyuzi nyembamba za kioo linaweza kupitisha picha hata likipindwa. Daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan, alizitumia nyuzi za aina hiyo kutengeneza kifaa cha kutazamia tumbo, na mwaka 1957 akakimeza yeye mwenyewe kwanza. (Siku hizi sisi tunaogopa hata kujaribu toleo jipya kwenye seva yetu wenyewe.) Mwaka 1969, huko New York, Hiromi Shinya na William Wolff walianza kukata polipu kwa kupitia kifaa cha namna hiyo, bila kupasua tumbo. Nyuzi za kioo hizo ni ndugu wa zile zinazotuletea intaneti Mombasa kupitia baharini.

Hilo la Shinya lilikuwa kubwa. Polipu huchukua miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi, kabla ya kugeuka saratani. Ukiiona na kuikata, umeizuia saratani isizaliwe kabisa. Ni magonjwa machache yanayokupa nafasi ndefu namna hiyo. Lakini sharti uione.

Na sasa ile kauli ya zahanati.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira kisha Mulago, Kampala. Alikuwa na jicho moja. Lingine lilipotea ajalini utotoni. Kwa jicho hilo moja aliona kitu ambacho wengine walikuwa wakikipita kila siku wodini: uvimbe wa taya kwa watoto ulikuwa ugonjwa mmoja, si magonjwa mengi. Aliuandika mwaka 1958, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri kilomita kama 16,000 kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali hadi hospitali ugonjwa ule unapatikana wapi na hapana wapi. Mimi humwona kama mtu wa data kabla ya data: hana kompyuta, ana ramani, barua na gari.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966 aligeukia utumbo. Alikuwa na barua kutoka hospitali nyingi za vijijini Afrika zikimwambia kwamba saratani ya utumbo mpana, iliyojaa Ulaya, huku haionekani. Mwaka 1971 aliandika makala iliyosambaa sana, akisema sababu ni chakula: sisi tulikula nafaka isiyokobolewa na mboga zenye makapi, wao walikula mkate mweupe. Mwaka uliofuata yeye, Alec Walker na Neil Painter wakachapisha vipimo. Watu walimeza vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei, kisha choo chao kikapigwa picha hadi vipande vitoke. Kwa wanavijiji wa Uganda safari ya utumboni ilichukua wastani wa saa 36 hivi, na choo cha siku kilikuwa na uzito wa gramu 470. Kwa wanamaji wa Uingereza na wake zao, saa 83 na gramu 104.

Nilicheka nilipozisoma namba hizo, halafu nikaacha kucheka. Kwani tazama: alama za kumezwa, zinazofuatwa ndani ya utumbo kwa mwanga usioonekana. Wazo la kilo 10 za fluoreseini kwenye mto Danube lilikuwa limepita katika matumbo ya wanavijiji wa Uganda, miaka 95 baadaye. Tofauti ni kwamba vipande vile vilipima mwendo wa chakula. Havikuweza kuuona ukuta.

Sitaki kumlaumu Burkitt. Ushauri wake juu ya makapi umedumu, na hesabu zake za hospitali alizihesabu kwa uaminifu. Lakini hospitali huhesabu waliofika na waliokaguliwa. Mtu aliyetoka damu kijijini mwaka 1955, akaambiwa ni minyoo, akafa nyumbani, hakuingia kwenye barua yoyote. Hakukuwa na kamera ya kumwingiza. Zaidi ya hayo chakula chetu kimebadilika: unga umekobolewa, chipsi ziko kila kona kuanzia Kongowea hadi Bombolulu. Mwaka 2008 Hassan Saidi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha hesabu ya upasuaji wa saratani ya utumbo mpana katika hospitali za Nairobi kati ya 1993 na 2005, na mstari ulikuwa unapanda. Ukweli wa 1971 ulikuwa umeanza kuchakaa. Kwenye programu tunasema thamani iliyohifadhiwa muda mrefu bila kuangaliwa upya hugeuka kuwa uongo hata kama iliingia ikiwa kweli. Ami yangu alitibiwa kwa thamani ya aina hiyo.

Haya, turudi kwenye mng'ao.

Hata penye kamera nzuri, jicho hupitwa. Mwaka 2006 uchambuzi mmoja ulikusanya tafiti ambazo mgonjwa mmoja alikaguliwa mara mbili mfululizo, ukakuta ukaguzi wa kwanza uliacha kama 22% ya polipu. Nyingi ni ndogo, lakini zile bapa pia zimo. Wanaotafuta kitu cha kung'aa walijua basi kwamba hawashindani na upofu. Wanashindana na jicho zuri linalochoka.

Safari hii hawakutaka rangi inayosema "hapa panavuja". Walitaka rangi inayobisha hodi kwenye mlango mmoja tu. Mwaka 2008 kundi la Stanford lilichapisha katika Nature Medicine kipande kidogo cha protini, amino asidi saba tu, kilichofungwa kwenye fluoreseini, ile ile ya Baeyer. Namna walivyokipata ni nzuri mno. Walichukua virusi vya bakteria, mabilioni, kila kimoja kikiwa kimevaa kipande tofauti cha protini, wakavitupa juu ya nyama ya utumbo, wakaosha, wakachukua vilivyonata. Hiyo ni kutafuta kwa nguvu tupu, kama anayejaribu nywila zote mpaka moja ifungue. Walipokinyunyizia kwenye utumbo wa wagonjwa, kilinata zaidi kwenye seli zisizo za kawaida kuliko jirani zake: kiliwaka kwa 81% ya zile mbaya, na kikabaki kimya kwa 82% ya zile nzuri.

Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi na wenzao walikwenda mbele zaidi. Walitumia molekuli inayodungwa kwenye mshipa, inayotafuta protini iitwayo c-Met, ambayo huwa nyingi kwenye polipu mapema. Rangi yake hung'aa upande wa wekundu, na huo ni uamuzi wa kihandisi: ukuta wa utumbo wenyewe hung'aa kijani kidogo ukipigwa buluu, na damu hula mwanga wa rangi nyingi, ila wekundu wa mbali hupenya. Unahamisha ishara yako mahali ambapo kelele ni ndogo. Kwa wagonjwa 15 walio hatarini, mwanga mweupe ulionyesha polipu 38. Mng'ao ulizionyesha hizo zote, na juu yake tisa ambazo mwanga mweupe haukuziona.

Tisa! Nilisoma mstari huo usiku, nikakumbuka lile doa la mafuta.

Lakini wagonjwa 15 ni wachache, na mpaka leo dawa za aina hii kwa kolonoskopi zimebaki za majaribio. Penginepo mng'ao umeshaingia kazini. Kwenye ubongo, utafiti wa Walter Stummer wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba madaktari waliotumia dawa ya kunywa inayofanya saratani ing'ae nyekundu waliondoa uvimbe wote kwa 65% ya wagonjwa, dhidi ya 36% bila dawa. Kwa utumbo, rangi nyingine ya zamani iitwayo indosayanini kijani hutumika wakati wa upasuaji kutazama kama damu inafika kwenye ncha mbili zinazoshonwa. Kutafuta polipu ndiko kugumu, kwa sababu unamulika watu wengi wazima ili umpate mmoja, na kila mng'ao wa uongo ni kipande kinachokatwa bure kupelekwa maabara. Kwetu, ambako tumbo la mtu lina maambukizi yake ya kila namna, mng'ao wa uongo si jambo dogo.

Kwa hiyo je, sisi tungoje? Hapa ndipo nilipopata kitu ambacho sikukitarajia. Kule Bomet, kwenye hospitali ya Tenwek, wamekuwa wakipambana na saratani ya umio, ambayo upande ule ni nyingi. Umio si utumbo, najua, lakini ni bomba lile lile kwa upande wa juu, na tatizo ni lile lile la doa lisiloonekana. Mwaka 2016 Michael Mwachiro na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 305 wasio na dalili yoyote. Walipitisha kamera na kunyunyizia ayodini ya Lugol. Seli za kawaida za umio zina wanga, na wanga ukikutana na ayodini hugeuka kahawia. Seli zilizoharibika zimepoteza wanga wao, hubaki na rangi iliyofifia. 14.4% ya watu wale walikuwa na mabadiliko ya awali, na ayodini ilionyesha zaidi kuliko mwanga mweupe peke yake.

Hakuna kinachong'aa pale. Ni ishara iliyopinduliwa: kibaya ndicho kisichoshika rangi. Na ayodini ni bei ya chini, kama ilivyo ile buluu ya nili iliyomwokoa ami.

Mfano mwingine unanipa matumaini ya aina tofauti. Maabara zimekuwa zikipaka makohozi rangi ya auramini kwa miaka mingi, ili vijidudu vya kifua kikuu ving'ae njano-kijani kwenye hadubini. Mbinu ilijulikana, tatizo lilikuwa taa: balbu za zebaki zilikuwa ghali, ziliungua haraka na zilitaka chumba chenye giza. Kisha Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura wakafanikisha LED ya buluu (Nobeli ya 2014), taa ikawa rahisi na ya kudumu, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza hadubini za LED zichukue nafasi ya zile za zamani. Fizikia ilibaki ile ya Stokes. Kilichobadilika ni bei ya balbu. Na teknolojia hiyo hiyo ya LED ndiyo iliyo kwenye kijitaa cha wakala wa M-Pesa pale sokoni.

Kuna watakaoniuliza: na programu je, wewe si ndiyo kazi yako? Ipo. Tangu 2019 hivi programu zinazochora kiboksi kwenye skrini penye polipu zimejaribiwa kwa wagonjwa wengi. Utafiti mmoja wa Italia wa mwaka 2020 ulionyesha madaktari waliosaidiwa na programu walipata polipu za aina ya hatari kwa 54.8% ya wagonjwa, dhidi ya 40.4% bila programu. Ni kazi nzuri, na haihitaji kumdunga mtu kitu. Lakini programu hukagua picha ambayo kamera imeipitia. Mkunjo ambao kamera haikuufungua, hauko kwenye data. Na mtu ambaye hajapitiwa na kamera kabisa, ambaye bado anapaka dawa ya bawasiri, huyo hayuko kwenye programu, wala kwenye rangi, wala kwenye barua za Burkitt.

Nimeorodhesha taa, rangi, protini na kodi, na najua moyoni kilichomchelewesha ami si hata kimoja kati ya hivyo. Ni miezi 14 ya sentensi moja. Yakikupata ya ami, damu ikaendelea baada ya dawa, omba kwa jina kipimo cha kamera. Usiulize kama inawezekana, kama nilivyouliza mimi. Omba.

Daktari alituambia pia kwamba ndugu wa ami wa tumbo moja wanapaswa kukaguliwa. Ndugu hao ni watatu, na mkubwa wao ni baba. Baba ana miaka 61, hajawahi kulala hospitali, na kila nikimgusia hunijibu kwamba yeye hana kitu. Jumapili ile nilipokuwa nikimulika chupa ya toniki alikuwa ameketi juu ya gunia, akanitazama kwa muda mrefu. Nikamweleza habari yote, kwinini, mto uliogeuka kijani, wanavijiji wa Uganda na gramu zao. Hapo kwenye gramu alicheka sana. Halafu akanyamaza, akageuza chupa mkononi.

"Hiyo dawa aliyokunywa ami yako," akasema, "ni lita ngapi?"

Nikamwambia nne. Akasema choo cha nyumbani kwetu afadhali kiko ndani.